Robert Grant na Sifongo wa Chokaa

Kutoka Ngamiani, katikati ya mji wa Tanga, mpaka ufuko wa Raskazone si mwendo mrefu. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, miamba na mizizi ya mikoko ya pwani hii hubaki wazi. Juu yake hushikamana viumbe wa namna nyingi: chaza, kome, mwani, na vitu vingine laini vyenye matundu mengi, ambavyo huweza kuwa vyeusi, vyekundu, vya manjano au vyeupe. Vitu hivyo vya mwisho havina macho wala mdomo. Havikimbii vikiguswa, na vikikatwa havitoki damu. Hizo ni sifongo. Watu wengi siku hizi huziita sponji, jina ambalo limepewa pia kitu kilainishacho magodoro, kwa sababu nacho kina matundu na hunywa maji. Lakini sponji ya godoro hutengenezwa kiwandani, na sifongo huota baharini.

Je, sifongo ni mmea au ni mnyama? Swali hili liliwasumbua wenye elimu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Aristotle, mwanachuoni wa Ugiriki ya kale, aliziona sifongo kuwa na tabia za mimea na tabia za wanyama pia. Baada yake wako waliozitia moja kwa moja katika kundi la mimea, kwa kuwa zimeshika mahali pamoja kama mti. Wako pia waliodhani kuwa sifongo ni nyumba tu, iliyojengwa na minyoo ya baharini kama mchwa wajengavyo kichuguu. Mwaka 1765 mtaalamu aitwaye John Ellis aliona kuwa maji hutembea katika matundu ya sifongo iliyo hai. Akafikiri kuwa maji hayo huingia na kutoka kwa matundu yale yale, kama pumzi katika pua. Hapo alikosea, na ubishi ukaendelea.

Aliyeumaliza ubishi huo alikuwa daktari wa Scotland, Robert Edmond Grant.

Grant alizaliwa tarehe 11 Novemba 1793 katika mji wa Edinburgh. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye watoto wengi, na Robert alikuwa mtoto wake wa kiume wa saba. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha mji wake, akahitimu mwaka 1814. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki na kumwachia urithi wa fedha. Vijana wengi wa wakati ule wangetumia fedha hizo kufungua nyumba ya kutibia wagonjwa. Grant hakufanya hivyo. Mwaka 1815 alisafiri kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ambako kulikuwa na makumbusho makubwa ya wanyama na wataalamu mashuhuri kama Cuvier, Lamarck na Geoffroy. Akakaa Ulaya bara kwa miaka kadhaa, akisoma na kutembelea nchi mbalimbali. Aliporudi Edinburgh mwaka 1820 urithi ulikuwa umepungua, lakini alikuwa amejifunza kupasua na kuchunguza miili ya wanyama wadogo kuliko watu wengi wa nchi yake.

Karibu na Edinburgh kuna ghuba iitwayo Forth. Grant alipata nyumba ufukoni, katika kijiji cha Prestonpans, akawa anakaa huko miezi ya baridi. Maji ya bahari ya huko wakati huo ni ya baridi ya kuumiza vidole, si kama maji ya Tanga ambayo mtu huweza kuoga mwaka mzima. Hata hivyo yeye aliingia katika madimbwi ya miamba maji yalipokupwa, akageuza mawe, akatafuta sifongo. Hakuzikausha juani kama walivyofanya wengine. Alizileta nyumbani zikiwa hai ndani ya maji yake ya bahari. Jambo hili dogo ndilo lililomtofautisha na waliomtangulia, maana sifongo iliyokauka ni mifupa mitupu, na mifupa haiwezi kumwonyesha mtu jinsi mwili ulivyokuwa ukifanya kazi.

Mwaka 1825 alichukua kijitawi cha sifongo hai, akakitia pamoja na maji ya bahari katika kisahani kidogo cha kioo, akakiweka chini ya hadubini. Hadubini ni chombo chenye vioo vya kukuzia, ambacho humwezesha mtu kuona vitu vidogo mno. Grant alikisogeza kisahani polepole mpaka tundu moja kubwa la sifongo likaja mbele ya jicho lake. Akaona maji yakitoka katika tundu lile kwa nguvu, kama chemchemi, yakibeba vipande vya takataka na kuvitupa mbali. Alingoja aone kama maji yatageuka na kurudi ndani kwa njia ile ile. Hayakurudi. Alitazama matundu mengine makubwa, akatazama sifongo za aina nyingine, na kila mara ikawa hivyo hivyo. Maji yalitoka kwa matundu makubwa, wala hayakuingia kwa matundu hayo kamwe.

Basi maji hayo yaliingilia wapi? Grant alichunguza upande wa nje wa sifongo, akakuta vitundu vidogo sana, vingi mno, vilivyotapakaa pote. Huko ndiko maji yalikoingilia. Sifongo ina milango midogo mingi ya kuingilia na milango mikubwa michache ya kutokea, na katikati yake imo mifereji. Maji hupita humo mchana na usiku, yakileta chakula na hewa, na kuondoa uchafu. Mmea hauli kwa njia hiyo. Mmea hujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga wa jua.

Grant aliona jambo jingine la ajabu. Katika majira fulani sifongo zilitoa vijiyai vidogo, na vijiyai hivyo viliogelea vyenyewe majini. Juu ya miili yao kulikuwa na vinywele vilivyopigapiga maji bila kupumzika. Baada ya muda viligusa kioo, vikashikamana nacho, vikaanza kukua kuwa sifongo. Leo tunaviita viluwiluwi vya sifongo. Kwa hiyo kiumbe huyu hutembea utotoni, kisha hukaa mahali pamoja maisha yake yote.

Tangu hapa tutasema sifongo huyu na sifongo hawa, kwa kuwa katika Kiswahili mnyama hupewa heshima ya mnyama katika sarufi, hata asipokuwa na miguu. Sifongo ya kuogea, iliyokwisha kufa na kukauka, inaweza kubaki katika ngeli yake ya vitu.

Grant alitaka pia kujua mwili wa sifongo umejengwa kwa kitu gani. Alipowatazama kwa hadubini aliona ndani ya nyama yao vijiti vigumu na vyembamba, vyenye ncha kali, vilivyopangwa kama fito za ukuta wa udongo. Vijiti hivi vinaitwa spikuli. Ndivyo vinavyomfanya sifongo asimame, na ndivyo vinavyomchoma mtu anayemshika bila kujihadhari. Lakini je, spikuli zote ni za kitu kimoja? Kwa macho zinafanana. Grant akatumia asidi. Spikuli za sifongo wengi hazikudhurika hata kidogo, kwa sababu zilikuwa za silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga mweupe na katika kioo cha dirisha. Spikuli za sifongo wachache zilitoa mapovu, zikayeyuka zikaisha. Hizo zilikuwa za chokaa.

Jaribio hili mnaweza kulifanya darasani bila kumdhuru sifongo yeyote. Chukueni gamba la chaza lililookotwa ufukoni, mlitwange, muutie unga wake katika kikombe. Katika kikombe cha pili tieni mchanga safi uliotoka mtoni. Kamulieni ndimu katika vikombe vyote viwili, au tieni siki, kisha mtazame kwa makini na kusikiliza. Gamba la chaza ni chokaa, kama yalivyo mawe ya mapango ya Amboni. Msitumie mchanga wa ufukoni katika kikombe cha pili. Mchanga wa ufuko wetu umechanganyika na unga wa matumbawe na makombe, nao pia ni chokaa, hivyo utawadanganya.

Mmoja wa sifongo wa chokaa waliochunguzwa na Grant alikuwa mdogo, mweupe, mwenye umbo la kifuko bapa. Sifongo huyu alikuwa amekwisha kupewa jina mwaka 1780 na Otto Fabricius, mmisionari aliyeishi Greenland, kisiwa chenye barafu nyingi kaskazini ya dunia. Fabricius alimwita Spongia compressa. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni aliyebanwa. Siku zile karibu kila sifongo aliitwa Spongia, awe wa chokaa, wa silika au wa kuogea, kama vile mtu angewaita samaki wote changu. Mwaka 1828 John Fleming, mchungaji wa Scotland aliyependa elimu ya viumbe, aliona kuwa sifongo wa chokaa wanastahili jina lao wenyewe. Akaunda jina Grantia kwa heshima ya Grant. Tangu hapo kifuko kile cheupe kinaitwa Grantia compressa.

Tumtazame kwa karibu. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita 2 hadi 5. Hukaa katika bahari baridi ya Atlantiki ya kaskazini, akining'inia chini ya mawe au juu ya mwani kwa kikonyo kifupi. Kwenye ncha ya pili ya mwili wake lipo tundu kuu la kutolea maji. Maji yakikupwa akabaki nje, kifuko husinyaa na kulala. Maji yakijaa, hufumuka tena.

Ukimkata katikati utaona kuwa ndani yake ni uwazi mtupu, kama mtungi. Ukuta wa mtungi huo ndio wenye mambo. Nje yake zimepangwa seli bapa, zilizoshikana kama vigae vya paa. Ndani ya ukuta vimo vyumba vingi vidogo, virefu kama vidole, vilivyosimama kuelekea uwazi wa katikati. Kila chumba kimetandikwa seli za namna ya pekee. Kila seli ina ukosi mwembamba kama ukosi wa shati, na katikati ya ukosi umesimama uzi mmoja mrefu unaopiga kama mjeledi. Nyuzi hizo, kwa maelfu, ndizo zinazosukuma maji. Chembe ndogo za chakula hunaswa na ukosi, zikamezwa na seli yenyewe. Kati ya seli za nje na seli za ndani kuna utando kama uji mzito, na humo hutembea seli nyingine zinazogawa chakula na kutengeneza spikuli. Baadhi ya spikuli za Grantia ni kijiti kimoja kilichonyooka, nyingine zina miale mitatu kama mafiga yaliyounganishwa, na nyingine zina miale minne.

Mnyama huyu hana tumbo, hana moyo, hana ubongo wala mishipa ya fahamu. Kila seli hula kwa nafsi yake, na bado zote huishi pamoja kama mwili mmoja.

Grant mwenyewe hakuziona nyuzi zinazosukuma maji. Alihisi kuwa lazima kiwepo kitu kama vile vinywele alivyoviona juu ya viluwiluwi, lakini hadubini yake haikuwa na nguvu ya kutosha kukionyesha. Seli zenye ukosi zilikuja kuelezwa vizuri katika miaka ya 1860, naye alikuwa mzee. Baadaye wataalamu walipima hata kiasi cha maji. Sifongo mmoja wa chokaa, ndugu wa mbali wa Grantia, mwenye urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1 tu, ana vyumba zaidi ya milioni 2, na kwa siku moja hupitisha kiasi cha lita 22. Hiyo ni zaidi ya ndoo kubwa ya maji iliyopita katika mwili usiozidi kidole.

Mwaka 1836 Grant alilipa kundi lote la sifongo jina la Porifera, maana yake wenye vitundu. Jina hilo linatumika hadi leo. Wataalamu huwapanga viumbe kama barua inavyopangwa kwa anwani, kuanzia nchi hadi nyumba. Anwani ya sifongo wetu ni hii: himaya ya wanyama, faila ya Porifera, ngeli ya Calcarea, yaani wenye chokaa, oda ya Leucosolenida, familia ya Grantiidae, jenasi ya Grantia, na spishi ya Grantia compressa. Spishi za sifongo zinazojulikana duniani ni zaidi ya 8,000, zimegawanywa katika ngeli nne. Sifongo wa chokaa hawafiki hata mmoja katika kila kumi, nao wote huishi baharini. Sifongo za kuogea hazitoki kwao. Spikuli zao zingemkwaruza muogaji. Wanawake wa Jambiani, Unguja, ambao katika miaka ya karibuni wamekuwa wakifuga sifongo wa kuogea juu ya kamba baharini, hufuga jamii ya ngeli nyingine iliyo laini.

Katika miaka ya 1826 na 1827 Grant alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyependa kufuatana naye pwani. Kijana huyo alikuwa Charles Darwin, ambaye baadaye alipata sifa duniani kote kwa kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu chanzo cha spishi. Grant alimfundisha kukusanya viumbe wa baharini na kutumia hadubini. Tena alimweleza fikra za Lamarck, kwamba spishi za viumbe hubadilika katika muda mrefu. Fikra hizo ziliwachukiza watu wengi wakubwa wa Uingereza. Darwin aligundua mambo mapya juu ya viluwiluwi vya mnyama mwingine mdogo wa pwani ile. Kabla hajayaeleza hadharani, Grant alisoma habari za mnyama huyo huyo mbele ya chama kikubwa cha wataalamu, tarehe 24 Machi 1827, siku tatu mapema, wala hakutaja kuwa kijana alikuwa ameyaona mambo hayo. Katika maisha ya mtu aliyewaelimisha wengi, tendo hili si la kupendeza. Hata hivyo Darwin, alipotoa chapa ya mwaka 1861 ya kitabu chake, alimtaja Grant miongoni mwa waliotangulia kusema kuwa spishi hutokana na spishi nyingine.

Mwaka 1827 Grant alichaguliwa kuwa profesa katika chuo kikuu kipya cha London, akaanza kufundisha mwaka 1828. Chuo kile hakikuuliza dini ya mwanafunzi, jambo lililokuwa geni Uingereza wakati ule. Grant akawa profesa wa kwanza huko wa elimu ya wanyama na ya kulinganisha miili yao. Hakukuta hata mfupa mmoja wa kuonyesha darasani, akaanza kukusanya mwenyewe vielelezo vya wanyama, sifongo wakiwemo. Malipo yake yalitegemea ada za wanafunzi, na wanafunzi wa somo lake walikuwa wachache. Angeweza kuongeza kipato kwa kutibu wagonjwa, lakini alikataa kutafuta kibali cha chama cha madaktari wa London, kwa kuwa aliona taratibu zao si za haki. Fikra zake juu ya kubadilika kwa spishi zilimpatia maadui wenye nguvu. Akaishi katika umaskini, bila mke wala mtoto. Uchunguzi wake wa baharini ulikoma karibu kabisa, na hasara hiyo ilikuwa ya elimu nzima. Lakini kufundisha hakuacha. Alifundisha kwa miaka 46, na alikuwa bado profesa alipofariki London tarehe 23 Agosti 1874, akiwa na umri wa miaka 80. Vitabu vyake alikiachia chuo. Vielelezo alivyoanza kuvikusanya vimekuwa makumbusho yenye jina lake, nayo yako wazi kwa watu hadi leo.

Grant hakufika Afrika Mashariki. Miaka 27 baada ya kifo chake, mtaalamu wa Uingereza Cyril Crossland alifika Zanzibar na pwani ya Kenya, akakusanya wanyama wa baharini katika miaka ya 1901 na 1902. Mahali pamoja alipofanya kazi ni Wasini, kisiwa cha Kenya kilicho karibu na mpaka, kaskazini ya Moa katika Mkoa wa Tanga. Sifongo wa chokaa aliowapata walipelekwa Uingereza, na mtaalamu aitwaye Jenkin akawaeleza katika chapisho la mwaka 1908. Alitazama maumbo ya spikuli zao, akahesabu miale, akapima vyumba. Mmoja wao hakufanana na sifongo yeyote aliyekwisha kujulikana, naye akapewa jina Leucilla wasinensis. Baadaye jenasi yake ilibadilishwa, na sasa anaitwa Leucandrilla wasinensis. Neno la pili halikubadilika, na maana yake ni wa Wasini.